Machibya na Mazimwi Wenye Wazo Moja

Watu wengine wakinikuta hapa dukani kwangu Bariadi hunikazia macho, halafu huuliza kama ni mimi niliyekuwa nikipiga chapa vile vitabu vya mazimwi. Ni mimi. Jina langu Felisita, na aliyevitunga anaitwa Machibya. Wakishajua hivyo, huanza kunieleza wao habari zake, utadhani mimi sikuwapo. Wapo wanaosema alikuwa mchawi akatubu. Wapo wanaosema alichanganyikiwa baada ya kupunguzwa kazini. Upuuzi mtupu. Machibya alikuwa karani wa mizani ya pamba, na mimi nitasema nilichokiona, anayetaka chumvi aongeze mwenyewe.

Alizaliwa Nkololo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na baba yake alikwenda machimboni kutafuta dhahabu asionekane tena. Aliyemlea ni Nyanjige, dada wa baba yake. Sisi Wasukuma shangazi wa namna hiyo tunamwita sengi, na Machibya mpaka leo hajui kumwita jina jingine. Nyanjige alikuwa ameolewa akaachika kwa sababu hakuzaa, akarudi kwenye mji wa baba yake, yaani boma lao, akajengewa nyumba yake ya nyasi pembeni, na hapo ndipo alipomkuza mtoto wa kaka yake kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa.

Lazima nieleze habari ya kuni, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kule miti ilishafyekwa zamani kwa ajili ya pamba na malisho. Wanawake hupikia mavi makavu ya ng'ombe. Yanawaka vizuri, ila moshi wake si mchezo, na mwanamke anauinamia asubuhi na jioni toka akiwa binti. Akifika miaka hamsini macho yake yamekuwa mekundu na hayarudi tena kuwa meupe. Nyanjige alikuwa hivyo. Machibya aliwahi kuniambia kwamba utotoni alidhani macho ya watu wote wanaopenda watoto huwa mekundu, na siku alipopelekwa shule akamwona mwalimu mwenye macho meupe, alimwogopa wiki nzima.

Alimaliza darasa la saba, akabahatika kupata ukarani kwenye ofisi moja ya ushirika hapa mjini. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpenda chai, na msomaji wa kila kitu. Ukifungiwa maandazi kwenye gazeti, yeye anakuomba gazeti kabla hajakuomba andazi. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo lakini asiye na madhara.

Basi mwaka wa tisini na nne biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, wakawa wanalipa papo hapo, nani akusubiri wewe wa ushirika? Wakulima wakatuhama. Tulikuwa tunakuja ofisini saa moja na nusu, tunasaini, tunakaa. Machibya alipangusa mizani yake mpaka ikang'aa, kisha akaona upuuzi, akaanza kuandika nyuma ya fomu za kupimia. Siku ya kwanza kunionyesha nilicheka. Siku ya tatu nilikuwa namuuliza mbona leo hajaandika.

Ilikuwa hadithi ya safari. Binti mmoja, Ng'washi, ng'ombe wa baba yake wamepotea wote, naye anaamua kuwafuata mwenyewe na fimbo yake na kibuyu cha maziwa. Anapita Lagangabilili, anapita Bukundi, anaingia nchi ya majabali ambako wanaishi mazimwi. Hao mazimwi ndio waliokuwa utamu wa yote. Walikuwa wengi lakini wana wazo moja. Anachowaza mmoja wanakiwaza wote. Mmoja akikanyaga mwiba Bukundi, mwenzake aliyeko Lamadi pwani ya ziwa anachechemea. Mmoja akila dagaa Lamadi, wale wa majabalini wanalamba midomo. Sijui alikotoa mambo hayo. Nilipomuuliza alisema alikuwa anafikiria watu wa kijijini kwao.

Mashine ya kudurufu ya ofisi ilikuwa imelala bure, na stensili zilikuwa zimejaa kabatini. Mimi ndiye niliyesema tutoe vitabu. Mkubwa wetu alijua akajifanya hajui, kwa kuwa naye alikuwa akisoma. Tulitoa namba ya kwanza, kurasa kumi na sita, tukaibana kwa pini za ofisi. Siku za mnada Machibya alisimama karibu na wauza kamba za ng'ombe, akasoma kurasa mbili tatu kwa sauti, kwa Kisukuma, halafu akafunga kitabu. Wanaotaka kujua mwisho wakanunua. Wasiojua kusoma wakanunua pia, wakawapelekea watoto wao wa shule wawasomee. Wachuuzi wa samaki wakavifikisha mpaka ziwani.

Sasa niseme makosa yangu, maana sitaki mtu ayaseme kwa niaba yangu. Kwanza, ni mimi niliyepiga kwa herufi kubwa juu ya jalada: KISA CHA KWELI. Kila mtu siku hizo alikuwa anauza kitu, na kila aliyeuza alipiga domo, mwenye dawa ya meno, mwenye redio, mwenye mbegu. Niliona na sisi tuseme letu. Pili, ni mimi niliyekata namba ya tatu pale ilipokatika. Machibya alikuwa ameandika vyote pamoja: Ng'washi anafika mlangoni pa zimwi, zimwi anatokea, bibi mzee, macho mekundu, mikono ina harufu ya moshi na zizi, na hapo hapo binti anagundua kwamba zimwi hamli mtu, kwamba ng'ombe wamehifadhiwa na mazimwi wasife kwa ukame. Nikamwambia hapana, ishia kwenye macho. Ukiwaambia mapema, nani atanunua namba ya nne? Alisitasita. Alisema sengi yake hatapenda kukaa mlangoni na macho hayo mwezi mzima watu hawajajua kuwa ni mwema. Nilimuuliza, kwani sengi yako ndiye zimwi? Akasema macho ni yake. Nikacheka, nikakata stensili.

Alimpa zimwi macho ya mtu aliyempenda kuliko wote. Hilo ndilo alilolifanya.

Mwaka huo majosho yalikuwa makavu. Zamani dawa ya kuogeshea ng'ombe ilitoka serikalini, sasa kila mfugaji alitakiwa ajinunulie, na wengi hawakununua. Kupe wakazidi, homa yao ya ndigana ikaingia. Nkololo ng'ombe walikufa mji kwa mji. Januarius, kamanda wa sungusungu wa kijiji, yaani mkuu wa jeshi la jadi linalolinda watu na mifugo, alipoteza ng'ombe tisa ndani ya wiki mbili. Siyo mtu mbaya, Januarius. Ila ng'ombe tisa ni ng'ombe tisa, na mtu aliyefiwa hivyo hataki kuambiwa habari za kupe. Anataka kuambiwa ni nani.

Na namba ya tatu ilikuwa imeshafika kila mji.

Sisi huku mjini hatukujua lolote. Jumatano moja Machibya aliniomba nimsindikize Nkololo nikamsalimie sengi yake, kwa kuwa tulikuwa tumeanza kuangaliana kwa namna fulani, mambo ambayo hayakufika popote na siyo ya kusimulia hapa. Nyanjige alitupokea kwa furaha, akatuandalia maziwa, akamshika Machibya mashavu kana kwamba ni mtoto. Halafu akasema amepokea zawadi yake. Machibya akauliza zawadi gani. Akaingia ndani, akatoka na kitabu chetu amekifunga kwenye kitambaa safi. Alisema alikikuta asubuhi kimechomekwa kwenye nyasi juu ya mlango wake, na japo hajui kusoma, alijua ni cha mwanawe, akakitunza.

Machibya alikifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekunjwa, na ile mistari ya macho mekundu ilikuwa imepigiwa mstari kwa mkaa.

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya kitu kilichochomekwa juu ya mlango wa bibi mzee anayeishi peke yake. Ni kuambiwa uondoke, na usipoondoka hakuna anayekuambia mara ya pili. Miaka ile wameuawa bibi wengi kwa macho mekundu tu, wakiitwa wachawi, na watu wakaendelea na palizi. Machibya alikunja kitabu taratibu, akamwambia sengi yake kwamba kilikuwa na kurasa zilizoharibika, atamletea kingine. Nyanjige akasema asichelewe.

Njiani nilimwambia tumchukue tumpeleke mjini leo hii. Alikataa. Alisema sengi akikimbia watasema amejihukumu mwenyewe, mji wake utabomolewa, na huko mjini atakufa kwa kukosa watu wa kusalimiana nao. Tena jirani mmoja alikuwa ameshatunong'oneza kwamba Jumapili kutakuwa na dagashida, mkutano wa kijiji kizima, kuzungumza vifo vya ng'ombe. Machibya alisema kilichomtia sengi yake matatani ni kitabu nusu, kwa hiyo kitabu kizima kitamtoa. Na mimi, mjinga mwenzake, niliamini.

Tulipiga namba ya nne siku mbili bila kupumzika. Ilikuwa nzuri, niseme ukweli, nzuri kuliko zote. Ng'washi anamuuliza zimwi mbona macho yake mekundu. Zimwi anamjibu kwamba mahali fulani kuna mwenzao anapikia moshi, na akilia yeye wanalia wote. Nilipofika hapo kwenye mashine ilibidi ninyanyuke nikanywe maji.

Jumapili saa nane mchana watu wa Nkololo walikuwa wamekaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na Nyanjige katikati ya wanawake, ila pale alipokaa palikuwa na nafasi pande zote. Machibya aliomba kusoma. Januarius akamruhusu, maana hata yeye alitaka kujua mwisho. Alisoma yote. Watu walitulia kama maji mtungini. Palipochekesha walicheka, na mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Zimwi akawa mwema mbele ya kijiji kizima, na ng'ombe wakarudi. Nilishusha pumzi.

Ndipo Januarius akasimama. Alisema wameshukuru kwa hadithi, na kama zimwi huyo ni mwema ni heri. Hata hivyo, alisema, kitabu kimeeleza kwamba wako wengi na wana wazo moja.

"Sasa tutajie," alisema. "Hao wengine wako wangapi hapa kijijini, na ni kina nani?"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Vichwa viligeuka upande wa wanawake, vyote kwa pamoja. Wakamtazama Rhoda, mjane mmoja. Wakamtazama Ng'wana Machemli, aliyewazalisha nusu yao. Wakatazama bibi mmoja baada ya mwingine, na kila bibi alivuta nguo kufunika uso. Tulikuja kumwokoa mmoja, tukawaongezea saba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Machibya aliweka kitabu chini.

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata mmoja. Nimetunga."

Januarius akamwambia mbona juu imeandikwa kisa cha kweli.

"Nimedanganya. Nilitunga nikiwa nimekaa mezani nakunywa chai, sina kazi. Ng'washi hayupo. Mazimwi hawapo. Macho niliyaiba kwa sengi yangu, na yeye ameyapata jikoni, kama mama zenu wote hapa. Nilijua zimwi ni mwema toka mwanzo, nikawaficha ili mnunue namba ya nne."

Hakunitaja. Jalada, kukata hadithi, yote aliyabeba yeye, na mimi nilikaa pale nikamwacha ayabebe. Nimeungama kwa padri, nimeungama kwa mama yangu, na bado linaniuma.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Hasira yao ilihama kwa wale bibi ikaja kwake, na ndicho alichotaka, ingawa wakati huo sikujua. Walizungumza mpaka jua likaanza kushuka. Kuna waliotaka alipe ng'ombe dume. Wazee wakasema dume huliwa siku moja likasahaulika, na mtu aliyemfanya shangazi yake zimwi kwa ajili ya biashara hastahili hukumu ya kusahaulika. Wakamtenga. Kwetu kutengwa ni hivi: hupewi moto, hupewi maji, husalimiwi, hutajwi jina, huzikwi na watu na wewe huziki. Anayekusalimia naye anatengwa. Nkololo yote iwe kama haijawahi kukuzaa.

Kisha Januarius akasema, kwa kuwa mkosewa ni Nyanjige, yeye ndiye aanze. Apite mbele ya Machibya aende zake, kijiji kione.

Nyanjige alinyanyuka. Alipita karibu naye kiasi cha kumgusa kwa nguo, hakumtazama, hakusema neno, akaenda mpaka kwake. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Rhoda alipita, na wale bibi wengine wakapita, nyuso wameshazifunua. Mwishoni tulibaki wawili pale, mimi na yeye, na kile kitabu chini.

Mwaka uliofuata ofisi ilitupunguza wote. Mimi nilifungua duka hili la madaftari na kalamu, yeye akaweka zana za kutengeneza baiskeli kwenye baraza yangu, na bado yupo hapo. Namba ya tano haipo, msiniulize. Watu walimletea mpaka karatasi za bure. Huwaambia hana wazo.

Ilipopita miaka miwili hasira za Nkololo zilipoa. Januarius mwenyewe, alipokuja mjini kununua dawa ya kupe, alipita dukani kwangu, akanung'unika kando bila kumtazama Machibya kwamba huyo mtu akileta pombe na mbuzi na kuomba, watu watamfungulia. Niliruka kwa furaha. Nilimwambia Machibya aende Jumapili hiyo hiyo, mbuzi nitachangia.

Alikataa. Nilimtukana, nilimpa vidonge vyake vyote. Alinisikiliza akiwa ameshika gurudumu.

"Felisita, walinikubali kwa sababu niliumia," alisema. "Nikisamehewa, nikaonekana nakula kwa sengi, atatokea mtu mmoja atawaza kwamba siku ile nilidanganya ili nimwokoe. Na kule akiwaza mmoja, wamewaza wote."

Nikamwambia ng'ombe sasa hawafi. Akasema watakufa tena siku nyingine.

Basi nikawa mimi ninayekwenda. Kila baada ya mavuno nilimpelekea Nyanjige chumvi, sukari na sabuni, vitu alivyonunua Machibya, nikasema ni vyangu. Alipokea akashukuru. Alikuwa na watu. Wanawake waliingia na kutoka kwake, watoto walicheza uani, hakuna nafasi tupu pembeni yake tena. Aliishi miaka minane baada ya dagashida ile, akafa kwa homa, kitandani kwake, jirani zake wamemshika mkono. Walimzika vizuri. Machibya alifungua vifaa vyake siku hiyo kama siku zote, akatengeneza baiskeli.

Katika miaka yote hiyo hakuniuliza kitu kuhusu Machibya, nami sikuthubutu kuanza. Ila mara moja tu, mwaka wa sita, alinisindikiza mpaka barabarani. Akatazama nyuma kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Huyo mtu wa huko kwenu," alisema, "anakula?"

Nikamwambia anakula.

"Moshi haumsumbui?"

Nikamwambia anapikiwa kwa mkaa. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akarudi kwake polepole.

Nilifika mjini nikamweleza Machibya neno kwa neno. Alikuwa anaziba pancha, akaacha mpira ndani ya beseni la maji.

"Alinitaja jina?"

"Hakukutaja."

"Hata mlipokuwa peke yenu?"

"Hata tulipokuwa peke yetu. Alisema huyo mtu."

Aliniuliza mara ya tatu, nikamjibu vilevile. Akasema basi sengi yuko salama. Halafu akalia pale pale barazani, mtu mzima, mchana kweupe, na wateja wawili wamesimama na baiskeli zao wanamtazama. Niliwaambia waje kesho.